Wastani wa Dakika Tano

Coyhaique, mwezi wa saba. Theluji imelala juu ya bati,
jiko la kuni linakohoa ukuta mmoja na seva.
Zahanati kumi na moja zinaning'inia kwenye kebo zangu,
na kila Jumatatu mkubwa wangu, Eliecer Barría,
huvua glavu, hupuliza vidole, huuliza:
"Nani anatula mtandao?"

Sijui. Swichi huhesabu, hazisimulii.
Kila tundu lina kaunta yake, kama mita ya maji:
inapanda, inapanda, ikifika ukomo
inarudi sifuri bila kuaga.
Ndiyo maana juzi Cochrane ilionekana
imepeleka data hasi. Deni la biti!
Nikacheka peke yangu hadi birika likachemka.

Nahitaji mchoraji. Nimejaribu watatu.

Wa kwanza ni mzee, wa bure, kurasa zake za kijivu.
Hupita mlangoni kila dakika tano,
huuliza "ngapi?", hupewa, huenda zake.
Ya leo anayakumbuka kwa dakika,
ya mwezi jana kwa saa,
ya mwaka jana siku nzima ni nukta moja.
Faili lake halinenepi. Anasahau kwa utaratibu.

Wa pili kijana. Sekunde kumi, tena sekunde kumi,
na hasahau kitu, hata usiku ambao hakikupita kitu.
Rangi zake, we acha tu.
Lakini diski ilijaa kabla ya Ijumaa,
na kule Villa O'Higgins, penye setilaiti nyembamba kama uzi,
maswali yake matupu yalimeza robo ya njia.
Huyu si mgeni wa kuponya mwenyeji:
anauliza kama chakula kinatosha
huku mkono umo sahanini.

Wa tatu alikuja na muuzaji, kwa simu, kutoka Santiago.
Bei kwa kila tundu.
"Hata tundu lisilo na kebo?"
"Hata hilo, bibie."
Nikamtakia mchana mwema.

Basi wiki moja nikawaacha mzee na kijana
wachore mtaa mmoja: Puerto Cisnes.
Saa tisa usiku, kwa kijana, ukasimama mnara,
sekunde hamsini, ukaanguka.
Kesho yake tena. Na kesho yake.
Kwa mzee, saa ileile, kichuguu.
Tundu la saba, chumba cha zamu.

Nikampigia muuguzi, Rosalba Nahuelquín.
Alikaa kimya mpaka nikasikia mvua ya kwao.
"Mwanangu yuko mgodini, Calama," akasema.
"Akitoka zamu hunitumia video. Anaonyesha chakula chake,
viatu vyake, mbwa wa geti.
Nyumbani kwangu laini haifiki.
Utaniandika?"

Mlaji mwenyewe tulimkuta Chile Chico:
mashine ya eksirei, ikituma kila kifua mara mbili,
saa nne hadi saa sita, mlima mpana
ambao hata mzee, kwa macho yake ya dakika tano,
alikuwa ameuchora tangu siku ya kwanza.

Nikamchagua mzee. Nikambadilishia kaunta,
nikampa zile ndefu zisizorudi sifuri ovyo.
Kwenye ripoti niliandika: diski ndogo,
leseni hakuna, setilaiti inapumua.
Yote kweli. Barría akatia sahihi bila kukaa.

Yule kijana nilimzima kwa mkono wangu,
na nilipoulizwa kama nifute kumbukumbu zake
kidole kilisita juu ya kitufe,
sijui kwa nini, labda kwa sababu ya mbwa.
Nikafuta.

Sasa nikiwa macho usiku hufungua ukurasa wa Cisnes.
Kijivu, kijani, mstari uliolala.
Saa tisa unainuka kidogo,
kama blanketi juu ya mtu anayegeuka.